Kijana, Moyo na Hospitali Isiyotaka Kukiri

Kijana akianguka uwanjani na kufariki, kisha familia ikauliza kama hospitali ilikosea, hujibiwa kwa hoja nne. Hakuna hata moja yenye mashiko.

"Maradhi ya mishipa ya moyo ni ya wazee." Kuziba kwa mafuta, ndiyo, mara nyingi huja na umri. Lakini wapo wanaozaliwa na mshipa unaolisha moyo ukiwa umeota upande usio wake, ukapenya kati ya aota, mshipa mkuu wa damu, na mshipa wa mapafu. Mtu akikimbia, mshipa huo hubanwa na moyo hukosa damu. Wengine waliugua ugonjwa wa Kawasaki utotoni. Usipotibiwa, mtoto mmoja kati ya wanne hivi huharibika mishipa hiyo.

"ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ilikuwa safi, tungefanya nini tena?" Utafiti uliochapishwa mwaka 2000, wa Marekani na Italia, ulichunguza wanamichezo vijana 27 waliokufa ghafla kwa hitilafu hiyo ya kuzaliwa. Waliowahi kupimwa ECG wakiwa wametulia walikuwa 9. Wote majibu yao yalikuwa ya kawaida. Waliopimwa wakifanya zoezi walikuwa 6, nao vilevile. Kwa hiyo kijana anayezimia au kubanwa kifua akiwa mazoezini hastahili kurudishwa nyumbani kwa karatasi ya ECG pekee. Apigwe eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na CT ikibidi.

"Daktari mzembe afukuzwe, yaishe." Ripoti ya Taasisi ya Tiba ya Marekani ya mwaka 1999 ilikadiria kuwa makosa ya tiba yaliua watu 44,000 hadi 98,000 kwa mwaka katika hospitali za nchi hiyo, na ikaonyesha kuwa mengi chanzo chake ni utaratibu mbovu. Atakayeajiriwa kesho atakuta foleni ileile, na fomu ileile isiyouliza kama maumivu huja mtu akikimbia.

"Kukiri ni kujitafutia kesi." Hospitali za Chuo Kikuu cha Michigan zilianza mwaka 2001 kuwaeleza wagonjwa makosa waziwazi na kuwalipa fidia waliostahili. Kesi mpya kwa mwezi zikashuka kutoka 2.13 hadi 0.75 kwa kila mahudhurio 100,000.

Mzazi, dai maelezo ya maandishi na nakala ya faili. Nanyi wakuu wa hospitali, semeni ukweli kabla hamjaitwa mahakamani: familia inayofichwa ukweli ndiyo inayokwenda kumtafuta wakili.