TAMKO LA TAWI: ASIYEJIPIMA ATAPIMIWA

Ndugu wanachama wa Tawi la Athi River,

Wengi mmetuuliza kuhusu ada ya kaboni ya Ulaya. Msimamo wetu ni huu.

Tangu Januari 1, 2026, anayeingiza saruji, chuma, alumini, mbolea, haidrojeni au umeme katika Umoja wa Ulaya anadaiwa kwa gesi chafu iliyotoka bidhaa ikitengenezwa. Chai, maua na parachichi havimo. Lakini saruji na chuma ndiyo kazi ya mji huu. Leo tunauza zaidi hapa nyumbani na kwa majirani. Kesho tunataka soko kubwa zaidi.

Sababu yao tunaielewa. Viwanda vya Ulaya vinalipia kaboni tangu 2005, na bila ada mpakani vingehamia kusikolipwa. Hata hivyo, mkataba wa biashara tuliotia saini nao Desemba 2023 ulitufungulia mlango bila ushuru. Sasa kizingiti kimeinuliwa, na sheria yao haitengi mapato hayo kwa ajili ya kusafisha viwanda vyetu. Hiyo si haki.

Lakini malalamiko peke yake hayaokoi ajira. Kiwanda kisicho na vipimo vyake hukadiriwa na Ulaya, na makadirio hayo huongezwa juu. Tena, bei ya kaboni iliyolipwa nchini kwa mzalishaji hupunguzwa kwenye deni. Pesa ile ile inaweza kubaki Nairobi au kwenda Brussels.

Kwa hivyo tunadai:

1. Serikali isaidie viwanda, hasa vidogo, kupima gesi chafu. Umeme safi wa Olkaria unahesabiwa kwenye saruji; kwenye chuma bado, na hapo ipiganie.

2. Tuwe na bei yetu ya kaboni, kwa viwanda vikubwa tu, na mapato yabadilishe tanuri zao. Hatujasahau ushuru wa mazingira katika Mswada wa Fedha wa 2024, uliofika hadi kwenye nepi za watoto. Ujanja ule usirudi kwa jina jipya.

3. Ulaya irudishe sehemu ya mapato kwa wanaotozwa. Azimio la Nairobi la Septemba 2023 lilitaka ushuru wa kaboni wa dunia nzima. Tunaliunga mkono.

Mnaofanya kazi viwandani, ulizeni wasimamizi wenu: je, tunapima? Leteni majibu kwenye mkutano wa tawi.

Soma, jadili, sambaza.

Kamati ya Tawi, Athi River