Treni si ya Wanyonge Peke Yao

Tangu tarehe 25 Julai 2024, treni ya umeme inawachukua wananchi kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa muda wa saa nne hivi, safari ambayo kwa basi humla mtu kutwa nzima. Mwendo wake hufikia kilomita 160 kwa saa. Kazi hiyo ni ya kujivunia, nayo imekwisha pata vigelegele vyake.

Lakini liko jambo ambalo ni lazima lisemwe waziwazi. Ndugu msomaji, simama kando ya barabara kuu pale Morogoro siku ya Ijumaa jioni. Utayaona magari makubwa ya Serikali yakifuatana, moja lina dereva na ofisa mmoja, la pili hali kadhalika, yote yakielekea kule kule inakoelekea treni. Mafuta ni ya umma, posho ya dereva ni ya umma, na gari linachakaa kwa gharama ya umma. Huu ni ubadhirifu, wala hauna jina jingine lenye adabu zaidi.

Watetezi wa desturi hii husema kwamba ofisa atahitaji gari akifika. Je, ofisi za Serikali katika miji hiyo hazina magari? Husema pia kwamba kazi ni ya dharura. Ni dharura gani inayopendelea kutwa nzima barabarani kuliko saa nne relini? Hoja hizi ni pazia tu. Nyuma yake imejificha kasumba ya ukubwa: mtu huona kwamba kuketi behewa moja na mwalimu wa shule ya msingi ni kushushwa cheo.

Wala suala si mafuta peke yake. Reli ya Kati ya zamani, iliyoanza kujengwa mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, haikudhoofika kwa siku moja. Vichwa vya treni vilichakaa, ratiba zikawa kitendawili, mafuriko yakasomba tuta kati ya Kilosa na Gulwe. Mwaka 2007 ikaingizwa katika ubia na kampuni ya kigeni, na ubia huo nao ukavunjika. Abiria walilalamika miaka nenda miaka rudi. Lakini abiria hao hawakuwa waamuzi, na waamuzi hawakuwa abiria.

TANU ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, shabaha moja ilikuwa kuisogeza Serikali karibu na wananchi. Serikali haisogei karibu nao kwa kuwapita imefunga vioo.

Basi, utolewe waraka: safari ya kikazi kati ya miji hiyo miwili iwe ya treni, na anayetaka gari aeleze sababu kwa maandishi na kutia saini. Siku mkubwa atakapocheleweshwa stesheni, chanzo cha ucheleweshaji kitatafutwa siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa reli huuona kwanza yule aliyemo ndani ya behewa.