Kupunga Upepo Hakuhitaji Kibali

Ndugu msomaji, nilipowaaga jirani zangu wa Mji wa Kale, Mombasa, na kuwaambia kuwa naenda Turkana kupumzika ufukweni, baraza zima liliangua kicheko. Mmoja aliniuliza kama bahari ya kwetu imekauka. Mwingine, mzee niliyesoma naye chuo kimoja, akasema kuwa mtu wa pwani kutafuta pwani jangwani ni kama mwenye kisima kwenda kuomba maji kwa mwenye kiu.

Sikuwalaumu. Sisi watu wa mwambao tumezoea kuwa ufuko ni wetu kwa jina, lakini starehe yake ni ya wageni. Mzungu hutoka kwao akaja kulala juani wiki mbili, nasi tukapita kando yake na mikoba yetu kwenda kazini. Mimi, katika miaka yangu hamsini na ushei, nimeingia hoteli za ufukweni kuandika habari, nimeingia kuhudhuria harusi, lakini kulala humo kama mgeni, nikaulizwa asubuhi napenda chai gani, sijapata. Mara yangu ya kwanza imekuwa Eliye, ukingoni mwa Ziwa Turkana.

Aliyenipeleka ni mpwa wangu, ambaye anafanya kazi na shirika moja la misaada katika kambi ya Kakuma. Wafanyakazi wa huko kila baada ya wiki kadhaa hupewa siku za kupumzika, kwa maana joto na mashaka wayaonayo huchosha mwili na roho. "Mjomba," aliniambia, "njoo kwanza uione Kakuma, kisha twende ziwani tukapunge upepo. Gharama zote juu yangu." Nami ni nani hata nikatae cha bure?

Basi nikafika Lodwar, mji ulio kando ya mto Turkwel. Sisi tuliosoma historia shuleni tunaukumbuka kwa jambo moja. Hapa ndipo mkoloni alipomleta Jomo Kenyatta mwaka 1959, baada ya kifungo chake cha Lokitaung, akamweka kizuizini mpaka alipohamishiwa Maralal mwaka 1961. Siku hizo Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, na mtu wa nje hakuingia ila kwa kibali. Mkoloni alipaona kuwa ni mahali pa kumtupa mtu apate kusahaulika. Neno hilo "kibali", ndugu msomaji, lishike vyema, kwani tutakutana nalo tena.

Kutoka Lodwar mpaka Kakuma ni kama kilomita 120. Kambi ilianzishwa mwaka 1992, walipowasili vijana waliokimbia vita vya Sudan, na leo hii, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyo karibu nayo, ina watu wapatao laki tatu. Nilidhani nitaona mahema na foleni tu. Kumbe nimeingia mjini! Yako maduka ya Wasomali, iko mikahawa ya Wahabeshi yenye kahawa ya kunukia, na Kiswahili cha Wakongo kinasikika kila kichochoro.

Siku ya Ijumaa, baada ya sala, alinijia mzee mmoja mwenye kofia ya viua. Alipofungua kinywa nikashtuka, maana yalikuwa maneno ya Chimwini, lugha ya Barawa, ndugu wa Kiswahili chetu. Akanihadithia kuwa vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991 alivuka kwa jahazi hadi Mombasa, akakaa kambi ya Utange. Kambi za Mombasa zilipofungwa katika miaka ya tisini, wengi waliosalia walipelekwa Kakuma, naye akiwa mmoja wao. Aliposikia nimetoka Mombasa, alinishika mkono akaniuliza swali moja tu:

"Bahari hajambo?"

Aliuliza kama mtu anayemuulizia nduguye waliyepotezana. Nikamjibu, "Hajambo, anakusalimu sana." Akacheka, lakini macho yake yalilowa.

Nikamwambia kuwa kesho tunakwenda Eliye, na garini nafasi iko. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, mimi sitoki hapa bila kibali. Ukiwa mgonjwa wa kupelekwa hospitali kubwa, utaomba upewe. Ukiwa mwanafunzi, utaomba upewe. Lakini mimi nitaandika sababu gani? Kwamba nataka kupunga upepo?"

Sikuwa na jawabu. Tukaagana.

Sasa nikueleze Eliye. Kutoka Lodwar ni mwendo wa kilomita zipatazo 60, na sehemu kubwa ni mchanga mtupu. Unakwenda hata unakata tamaa, kisha mara unaona weupe wa povu, na nyuma yake maji ya rangi ya kijani yasiyo na mwisho. Hili ndilo ziwa kubwa kuliko yote duniani yaliyomo jangwani. Wazungu waliolifikia mwaka 1888 waliliita Rudolf, kwa jina la mwana wa mfalme wao huko Austria, nalo likabaki na jina hilo la ugenini hadi mwaka 1975. Maji yake yana magadi, lakini pale Eliye chemchemi za maji matamu hububujika kutoka ardhini karibu na ufuko. Subhana Llah! Maji ya chumvi na maji matamu jirani, na kote ni jangwa.

Hoteli yenyewe ni vibanda vilivyoezekwa kwa majani, chini ya miti ya mikoma. Hakuna mapambo makubwa. Tulikula samaki mchana na usiku, nami sikuwa na haja ya kuuliza nani kachinja. Alfajiri nilisali mchangani, mawimbi yakiitikia, na kwa muda nikasahau kuwa niko mbali na kwetu. Askari wa hoteli, kijana wa Kiturkana, alinionyesha pa kuogea na pa kujiepusha, kwa kuwa ziwa hili lina mamba wengi. "Mzee," alinambia, "mamba hajui nani amelipa na nani hakulipa."

Lakini kilichonikaa moyoni si maji. Ni kwamba hapakuwa na ukuta. Watoto wa kijijini walikuwa wakioga hatua chache kutoka vitini petu. Wanawake walikaa kivulini wakisuka vikapu kwa majani ya mkoma, na nilipotazama vidole vyao nilimkumbuka marehemu mama yangu akisuka ukili wa mikeka kwa miyaa ya mkoma huohuo. Mbele kidogo, samaki waliopasuliwa walikuwa wameanikwa juani. Kwetu tungesema ng'onda. Mgeni alipita katikati ya maisha ya watu, na watu walipita mbele ya mgeni, na hakuna aliyemuuliza mwenziwe anakwenda wapi.

Mimi nimeulizwa. Miaka kadhaa iliyopita, huku kwetu, nilishuka pwani na kanzu yangu kwa njia niliyoijua tangu utotoni, njia ambayo marehemu baba alinipitisha alipokuwa akinifundisha kuogelea. Nikakuta lango. Bawabu, kijana wa makamo ya mwanangu, akaniuliza: "Mzee, unamtafuta nani?" Hoteli sitaitaja, na kijana yule simlaumu, alikuwa akilinda mkate wake. Lakini swali lile lilinichoma. Sikuwa namtafuta mtu. Nilikuwa nakwenda baharini.

Tusijidanganye kuwa mgeni ndiye aliyetupokonya. Viwanja vile vingi viliuzwa na watu wetu wenyewe, vingine viligawanywa na wakubwa wetu wenyewe, na sisi barazani tukanyamaza. Leo siku ya Idi mamia kwa mamia ya watoto wa Mombasa husongamana pale ufuko wa umma wa Jomo Kenyatta, Bamburi, kama dagaa kapuni, kwa sababu njia nyingine nyingi za kushukia maji zimezibwa.

Chuoni tulisomeshwa kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwafundisha watu kuwa wao ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Nilipokuwa mtoto nilihifadhi bila kufahamu. Turkana ndiko nilikofahamu. Malisho ndiyo uhai wa mfugaji, na akinyimwa hayo hana kitu. Moto ni kuni, ambazo Kakuma zimewahi kuwagombanisha wenyeji na wakimbizi. Na sasa ni mafuta pia, yaliyogunduliwa upande wa Lokichar mwaka 2012. Na maji ni ziwa. Hoteli ni mali ya mwenyewe, sipingi. Kitanda, chakula na kivuli ni haki yake kuviuza. Maji hayakuumbwa naye.

Hata sheria ya nchi haiko mbali na mafundisho hayo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, inaitaja nchi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ni ardhi ya umma, na maziwa kadhalika. Lakini ziwa lina hila yake. Bahari hujaa na kupwa kila siku, ukajua mpaka wake. Ziwa Turkana hujaa na kupwa kwa miaka. Katika miaka ya themanini Ghuba ya Ferguson, karibu na Kalokol, ilikauka, na kiwanda cha kugandisha samaki kilichojengwa hapo kwa fedha za Norway, ambacho gharama zake zilikuwa zimekwisha kukishinda, kikabaki kama jahazi lililopwelewa. Kisha mnamo mwaka 2020 maji yakapanda, yakameza ufuko na kuwahamisha watu. Basi anayejenga ukuta leo kando ya ziwa hili, anajenga juu ya kitu kisichokaa mahali pamoja. Kesho maji yakirudi nyuma, atausogeza ukuta ayafuate?

Najua watakaosema kuwa mzee huyu hajui biashara: mgeni anataka utulivu, na hoteli huleta kazi. Kweli, kazi inatakiwa, na Turkana inaihitaji kuliko wengi. Lakini mgeni wa Eliye hakufuata ukuta. Kuta anazo kwao. Na alindwe asiibiwe, alindwe asisumbuliwe, hilo ni haki yake. Ila alindwe mgeni, isizibwe njia. Ninawaomba wakuu wa kaunti ya Turkana waziandike njia za kushukia ziwani, Eliye na Kalokol, sasa, kabla ya wenye fedha kufika na ramani zao. Sisi tulingoja, na anayengoja mpaka lango lisimamishwe hubaki akiulizwa anamtafuta nani.

Na liko jambo la pili. Mwezi wa Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, wa kuzigeuza kambi za wakimbizi ziwe makazi ambamo wao na wenyeji wataishi kwa kushirikiana. Jina ni zuri. Ni neno lilelile tulilolisoma chuoni. Basi lisiishie katika karatasi. Mpwa wangu hufanya kazi wiki kadhaa, na watu wazima wenye akili wameona kuwa lazima apumzike ziwani asije akaugua. Yule mzee wa Barawa amekaa palepale zaidi ya miaka ishirini na mitano. Je, yeye hachoki? Kama joto la Kakuma ni joto moja, vipi mmoja apewe likizo na mwingine aulizwe sababu?

Niliporudi Mombasa, wenzangu wa barazani waliniuliza: pwani ya jangwani ikoje? Nikawajibu kuwa ni kama ya kwetu ilivyokuwa zamani. Hapo hakuna aliyecheka. Nami nikawaachia ubeti huu, ambao nakuachia na wewe, ndugu msomaji:

Maji hayana mwenyewe, ni ya Mola Muumbaji,
Ufuko usizuiwe, wapite na wahitaji,
Mgeni akirimiwe, asiwe mnyang'anyaji,
Na ziwa liheshimiwe, lisije kuwa mtaji.