Staa aliyewacheka watu wa Katesh kisa Sholay akae kwanza, asikilize

Kuna staa mmoja wa Bongo Movie, jina kapuni, mtoto wa Mbulu kabisa. Kakulia huko huko kwenye baridi na vitunguu saumu, ila siku hizi yuko Dar na hata salamu yake imekuwa ya Masaki. Desemba 2025 alikuwa India kwa mishe zake, akaingia ukumbini kuangalia Sholay, ile ile ya mwaka 1975, iliyosafishwa upya na kurudishwa kwenye majumba ya sinema ya kule kuanzia tarehe 12 ya mwezi huo. Mpaka hapo hongera zake, wengi wangetamani. Shida ni maneno aliyoyaweka chini ya picha ya tiketi: eti sasa ndiyo kaiona Sholay yenyewe, siyo ile ya washamba wa Katesh na Haydom wanaorundikana kibanda umiza kuangalia kitu wasichokielewa.

Mastaa wenzake wakashusha vikatuni vya kucheka. Mmoja, naye jina kapuni, akaongeza kuwa huko kwao staa "hata umeme ni wa kuombea dua".

Haya, taratibu.

Kwenye jambo moja staa yuko sahihi, na apewe haki yake. Sholay ya kibanda siyo Sholay. Ramesh Sippy aliitengeneza filamu ile kwa ajili ya skrini pana, ya milimita 70, ambayo upana wake ni zaidi ya mara mbili ya urefu wa kwenda juu. Ilipogeuzwa kuwa kanda za video ili ijaze kioo cha TV za mraba za enzi hizo, ilibidi ikatwe pembeni. Piga hesabu mwenyewe: karibu asilimia 40 ya upana wa picha inakwenda na maji. Ile milima ya mawe ya Ramanagara, kule Karnataka, ambako Gabbar Singh anatembea akiburuza mkanda wake wa risasi huku anawahoji vijana wake, kwenye kanda inabaki kichwa, kipande cha jiwe na basi. Anayejibu yuko nje ya kioo. Mtu kaiangalia mara kumi pale Endasaki na hajawahi kuona nani anasimama upande wa kushoto. Na sauti ndiyo usiseme: kinanda cha mdomo anachopiga Jai usiku, muziki wa R.D. Burman, kwenye spika moja iliyopasuka kinageuka mbu.

Hayo yote ni kweli. Lakini kumlaumu aliyelipa mia tano yake akakaa kwenye benchi la mbao ni sawa na kumcheka mtu aliyeuziwa maziwa yaliyotiwa maji, ukamwacha aliyeyatia maji.

Hilo la "wasichokielewa" sasa ndilo la kuchoma zaidi. Sholay inahusu nini? Kijiji. Kijiji cha wakulima, Ramgarh, ambacho majambazi wanakishukia kutoka milimani kudai nafaka. Siku moja wanakuja watatu na farasi wao, wanaambiwa hapana, hakuna mzigo leo. Nani ataielewa hiyo vizuri zaidi, mtu anayenunua unga supamaketi au mkulima wa Dongobesh anayejua gunia lake limetoka wapi? Wafugaji wa Hanang wana wazee walioona nyanda za Basotu zikigeuka mashamba makubwa ya ngano ya serikali, kwa msaada wa Kanada, na ng'ombe wakitafutiwa pa kwenda. Mambo ya ardhi, ya mwenye nguvu kuja kuchukua, ya kulipa kisasi au kuiachia sheria, hayahitaji kutafsiriwa na mtu wa Masaki.

Halafu kuna huu mwisho wa filamu. Wapenzi wa kibanda wamebishana miaka na miaka: wapo wanaoapa kwamba Thakur alimuua Gabbar kwa miguu, na wapo wanaoapa kwamba polisi walifika wakamzuia. Watu wamenuniana kwa ajili hiyo. Ukweli ni kwamba wote walikuwa sahihi. Mwisho wa asili ni Thakur, aliyekatwa mikono na Gabbar, kumsaga adui yake kwa viatu vyenye misumari. Mwaka 1975 India ilikuwa chini ya hali ya hatari ya Indira Gandhi, na wakaguzi wa filamu wakagoma: haiwezekani polisi mstaafu aonyeshwe akijichukulia sheria mkononi. Ikabidi upigwe mwisho mwingine, polisi wanaingia dakika ya mwisho, Gabbar anakamatwa. Huo ndio ulioonyeshwa kwenye majumba ya sinema. Ule wa kwanza ukawa unazunguka nje kwenye kanda na DVD, picha mbovu, nani kaupata na nani hakuupata ni bahati yako. Toleo lililosafishwa ndilo limeurudisha mahali pake. Kwa hiyo staa kalipa nauli ya ndege kwenda kugundua jambo ambalo vibandani watu walilibishania yeye akiwa hajavaa kaptula ya shule. Na hao ndio wasioelewa?

Tena kama angeuliza namna filamu ile ilivyookolewa, asingecheka. Hasi zake za asili zilikuwa zimeharibika vibaya. Taasisi ya Film Heritage Foundation ya Mumbai ikakaa miaka na familia ya Sippy, wakasaka nakala nyingine, moja ikapatikana ghalani Uingereza, kazi ya kusafisha ikafanyika kwenye maabara ya Bologna, Italia. Fremu baada ya fremu. Na ilipokamilika, unajua ilioneshwa wapi kwa mara ya kwanza? Siyo kwenye ukumbi wa viti vya kuegemea na bisi za siagi. Ilikuwa tarehe 27 Juni 2025, Piazza Maggiore, uwanja wa wazi katikati ya mji wa Bologna, kwenye tamasha lao la filamu za zamani. Skrini kubwa imesimamishwa nje, viti vimepangwa chini ya anga, usiku, na kwenye uwanja ule tamasha halikati tiketi.

Nje. Bure. Viti vimepangwa kwenye uwanja wa mji.

Mwenye umri kidogo pale Katesh ataijua picha hiyo bila kufika Italia. Ndiyo gari la sinema! Lilikuwa linaingia na vumbi lake, shuka jeupe linafungwa kati ya miti miwili, jenereta inaungurumishwa kwa mbali ili isiue sauti, watoto wanakaa mbele chini na wazee nyuma wamejifunika mashuka yao. Nchi hii imeanza mambo ya sinema ya kutembezwa zamani sana. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa wakoloni pale Vugiri, milima ya Usambara, uliokuwa unatengeneza filamu na kuzipeleka vijijini. Zilikuwa za kufundisha watu kulima na kunywa dawa, zimejaa dharau za mzungu, tena dharau inayofanana kidogo na ya staa wetu. Ila skrini ilikuwa kubwa.

Mijini ndiko kulikuwa na raha zake. Dar ilikuwa na Avalon, Empire, Odeon, Empress, na kuanzia 1966 ikawa na Drive-In, unaangalia umekaa kwenye gari. Filamu za Kihindi ndizo zilizojaza kumbi hizo, watu wa rangi zote na dini zote kwenye foleni moja. Video zilipoingia, kisha televisheni ikaanza Bara mwaka 1994, kumbi zikafa moja moja. Zikawa maghala, maduka, makanisa. Pale ilipokuwa Drive-In leo ni ubalozi wa Marekani. Kwa hiyo hata Dar yenyewe iliishi miaka kwa kideo na kibanda umiza, na mastaa wengi wanaojiona leo walimjua Rambo wakiwa wamekalia benchi la Manzese au Tandika. Kibanda kilichukua kazi ambayo wenye hela waliikimbia. Ndiyo, kina mambo yake: watoto wanakutwa humo saa nne usiku, hewa nzito, filamu nyingine hazifai hata kwa watu wazima. Wenye vibanda wanalijua hilo na wanajifanya hawalijui. Lakini bila wao Hanang nzima isingekuwa imewahi kumsikia Gabbar.

Mkazi wa Katesh akitaka ukumbi wa kweli leo ni lini na wapi? Arusha ni zaidi ya kilomita 200, unapitia Babati. Wa Haydom ana safari ndefu zaidi, na ile barabara ya Mbulu mvua zikichanganya ndiyo hivyo tena. Nauli ya kwenda na kurudi, kulala, chakula, tiketi. Hiyo ni mbuzi mmoja kwa filamu moja. Mara ya mwisho nchi nzima kuikazia macho Katesh kwenye kioo ilikuwa Desemba 2023, matope yaliposhuka kutoka Mlima Hanang yakaua watu. Siku zile kila mtu alikuja na kamera. Hakuna aliyekuja na skrini.

Turudi kwa staa, maana yeye na wenzake ndio wenye kesi kubwa zaidi. Ile filamu iliyomtoa, ambayo hadi leo watu wanamwita kwa jina la mhusika wake, ipo wapi? Itafute. Utaikuta mtandaoni imepandishwa na mtu asiyejulikana, vipande vinne, nembo ya kituo cha TV imekaa kwenye kona, sauti imetangulia mdomo. Nakala mama iko wapi? Ukiwauliza watu waliokuwa kwenye ile kazi, mmoja atakwambia ilibaki kwa msambazaji Kariakoo, mwingine atakwambia ilikuwa kwenye hadidiski iliyoungua. Na huyu ndiye anayewapigia makofi Wahindi kwa kutunza!

Waganda wamelijua somo hili kwa uchungu. Who Killed Captain Alex?, ile ya mwaka 2010 ya Nabwana kule Wakaliga, Kampala, dunia nzima imeicheka na kuipenda, lakini filamu yenyewe bila maneno ya mchekeshaji juu yake haipo tena. Nabwana alilazimika kuifuta kwenye kompyuta apate nafasi ya kutengeneza nyingine. Kilichobaki ni toleo la DVD lenye sauti ya VJ Emmie. Yeye angalau hakuwa na hela na anasema wazi. Mastaa wetu wana hela ya kubadilisha gari kila mwaka, hadidiski mbili za laki mbili tatu zinawashinda. Hivi mwaka 2053, filamu za miaka ya 2000 zikitimiza miaka 50, nani atasafisha nini? Watasafisha nembo ya TV?

Yupo na mheshimiwa mmoja wa ukanda huo, jina kapuni na chama kapuni, ambaye kila akipanda jukwaani anaahidi ukumbi wa kisasa wa burudani kwa vijana. Ahadi ya jengo ni tamu kwa sababu jengo halijengwi leo. Wakati wa kampeni projekta ilipatikana, skrini ikapatikana, jenereta ikapatikana, spika za kuamsha wafu zikapatikana, watu wakaoneshwa sura yake ukubwa wa nyumba. Kura zilipohesabiwa vyombo vikayeyuka. Basi asijenge. Avirudishe tu vile vyombo, siku moja kwa mwezi.

Na siku yenyewe ipo tayari. Mnada wa Katesh unakusanya watu kutoka Basotu, Endasaki, mpaka Singida huko. Wabarabaig na marungu yao, Wairaqw, Wanyaturu, wachoma nyama, wauza mitumba. Jioni watu wana hela mfukoni na hawana pa kwenda zaidi ya pombe. Uwanja upo. Kinachotakiwa ni kibali cha Bodi ya Filamu na kuwaandikia wenye filamu kuomba haki ya kuonyesha, na hapo ndipo jina la staa lingefaa kitu, maana barua ya mwenye kibanda wa Katesh haitajibiwa Mumbai lakini ya mtu mwenye wafuasi laki kadhaa inaweza kusomwa. Kama Sholay itakuwa ghali, waanze na ya kwake mwenyewe. Akiipata.

Shida ya kweli itakuwa upepo. Hanang ina upepo wa jioni unaoweza kulibeba shuka mpaka Singida, kwa hiyo lifungwe kwa kamba pande zote nne na litobolewe matundu machache hewa ipite. Iwe kiangazi, Julai au Agosti, siyo masika. Filamu ina zaidi ya saa tatu na baridi ya miezi hiyo siyo ya kutania, watu waje na mablanketi.