Kivuli cha Ufito Kiwe Mwalimu

Katika shule nyingi za sekondari mwendo wa dunia hufundishwa kwa mchoro: jua katikati, dunia nne zilizoinama zikilizunguka, na pembeni majina ya majira manne ambayo mwanafunzi hajapata kuyaona. Mwanafunzi huyakariri, huyaandika katika mtihani, kisha huyasahau. Wakati huo huo, nje ya dirisha la darasa, jua lenyewe huliandika somo hilo kila siku uwanjani, wala hapana alisomaye. Hiyo ni kasoro ya ufundishaji, na haifai kuachwa iendelee.

Tuseme shule iko Sofu, kata ya mji wa Kibaha mkoani Pwani. Mahali hapo ni takriban nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Kitabu kilichotungwa kwa ajili ya watoto wa Ulaya husema kuwa wakati wa adhuhuri jua huwa upande wa kusini, na kivuli huelekea kaskazini. Mwanafunzi wa Sofu akisimika ufito wa mita moja karibu na tarehe 21 Juni ataona kinyume chake: kivuli cha adhuhuri kinaelekea kusini, na urefu wake ni sentimita 58 hivi. Karibu na tarehe 21 Desemba kivuli huwa kimegeukia kaskazini, nacho hakizidi sentimita 30. Baina ya nyakati hizo, mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 3 Machi na tarehe 10 Oktoba, jua hufika utosini na kivuli hutoweka. Mwanafunzi anayetakiwa akiamini kitabu na kuyakana macho yake hujifunza jambo moja tu, nalo ni kwamba sayansi ni habari za watu wa mbali.

Liko kosa jingine, tena la hatari zaidi kwa sababu linafanana na ukweli. Wanafunzi wengi hudhani kuwa joto huja dunia inapolikaribia jua. Kwa hakika dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kilometa milioni 147 hivi, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kilometa milioni 152 hivi. Mkoani Pwani Januari ni mwezi wa joto, na Julai ni mwezi wa ubaridi. Hivyo maisha ya kila siku huonekana kulithibitisha kosa hilo! Lakini kama umbali ndio chanzo, mbona Januari hiyo hiyo London iko katika baridi kali? Umbali huongeza au kupunguza mwanga unaoifikia dunia kwa karibu asilimia 7, lakini chanzo cha majira ni mwinamo wa mhimili wa dunia, nyuzi 23.4. Mwinamo huo hauonekani kwa macho. Kinachoonekana ni kazi yake, yaani kivuli kinachohama kutoka kusini kwenda kaskazini na kurudi.

Ufito huo huo hufundisha pia habari za saa. Saa ya Tanzania imewekwa kwa kufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, inayopita karibu na Mogadishu. Sofu iko karibu na nyuzi 39, na kila uzi mmoja ni dakika 4 za mzunguko wa dunia. Kwa hiyo jua halifiki kilele chake saa sita kamili mchana, bali, kwa wastani wa mwaka, saa sita na dakika 24 hivi. Mwanafunzi akiyagundua hayo kwa mkono wake, longitudo haitakuwa tena neno la kukariri.

Wako watakaosema kuwa muhtasari wa masomo ni mrefu, na vifaa havipo. Hoja ya kwanza ina uzito, kwa maana mwalimu hupimwa kwa matokeo ya mtihani. Lakini kazi hii haihitaji zaidi ya robo saa, mara moja kwa juma. Hoja ya pili haina nguvu. Kinachotakiwa ni ufito ulionyooka, timazi ya uzi na jiwe ili usimame wima, rula, na daftari moja la darasa litakalorithiwa na kidato kinachofuata. Shule isiyo na maabara yaweza kuianza kazi hiyo kesho.

Yafaa basi watunga mitaala wauweke upimaji wa kivuli kuwa zoezi la lazima, lenye alama zake, na watunga mitihani waulize juu ya kivuli cha Sofu, Bukoba au Mtwara badala ya kile cha Ulaya. Hadi hapo litakapofanyika, walimu wasingoje. Kumzoeza kijana kupima kwanza na kukubali baadaye ni kumpa silaha itakayomfaa shambani, hospitalini na kiwandani, hata kama hatalitazama tena jua la utosi maishani mwake.