Wageni wa Pwani



Kila mwaka, mavuno yakisha kuingia ghalani na shule zikifungwa, huja ofisini kwangu wawakilishi wa vijana, au wa wanakwaya, au wa akina mama, wakiwa na ombi lile lile: "Padre, safari hii twende baharini." Sina sababu ya kuwakatalia. Mtu aliyezaliwa chini ya Uluguru, akazoea kuona upande mmoja wa mbingu umezibwa na mlima, anastahili walau mara moja kusimama mahali ambapo hakuna kitu cha kulizuia jicho. Na siku hizi njia si ngumu: kutoka Mzumbe hadi Chalinze, kisha Msata, na hapo lami hushuka mpaka Bagamoyo. Wenye mfuko mpana kidogo huendelea hadi Saadani, ambako hifadhi ya taifa inapakana na Bahari ya Hindi, na nyayo za wanyama wa porini huonekana juu ya mchanga wa ufukweni.

Swali langu ni moja: tunapofika kule, tunafika kama nani?

Yafaa tukumbuke kwamba kabla ya basi letu kufika, maji yetu yamekwisha kufika. Mito ya Mlali, Mgera, Lukulunge na Mzinga huingia katika bwawa la Mindu. Kutoka hapo Ngerengere huyachukua maji hayo hadi Ruvu, na Ruvu huyamwaga baharini kaskazini ya mji wa Bagamoyo. Upande mwingine wa mkoa wetu, mito ya Kilosa hujiunga na Wami, ambao hutokea baharini karibu na Saadani. Anayechoma moto mteremko wa mlima ili alime mahindi misimu miwili, huyo anampelekea matope mvuvi ambaye hajamwona maishani mwake. Mwaka 2022 Ruvu ulipopungua na mgawo wa maji ukatangazwa Dar es Salaam, wengi wetu tuliisikia habari ile kama jambo la watu wa mjini.

Zamani safari ilikuwa ya kupanda, si ya kushuka. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, wakawakusanya humo waliokombolewa utumwani, na kutoka pale wakaja bara: Mhonda mwaka 1877, Mandera mwaka 1881, na baadaye kidogo Morogoro yetu. Watu wetu wakienda Bagamoyo huonyeshwa hayo yote, na huonyeshwa pia mahali ulipolazwa mwili wa Livingstone mwezi Februari 1874. Ni vema. Ila nimeona mara nyingi kwamba tukisha kuwaheshimu marehemu hatubakiwi na muda wa kuwasalimu walio hai.

Basi niwaeleze habari za hao walio hai. Saadani si pori lililokuwa likingoja watalii. Ni bandari ya kale ya misafara, na ndiko Bwana Heri alikowapinga Wajerumani kati ya mwaka 1888 na 1890. Katika miaka ya 1960 eneo la jirani lilitengwa kuwa pori la akiba, na mwaka 2005 likatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, likiunganishwa na ranchi ya zamani ya Mkwaja na msitu wa Zaraninge. Tangu hapo mpaka umekuwa neno chungu. Wakazi wa kitongoji cha Uvinje wamedai kwa miaka mingi kwamba pwani yao ilitiwa ndani ya hifadhi bila ridhaa yao, na kwamba lilipoanzishwa pori lile la kwanza waliahidiwa kubaki na makazi yao. Wahifadhi nao wamekuwa na ramani yao. Mwezi Januari 2019 Rais John Magufuli aliagiza vijiji vilivyomo katika maeneo ya hifadhi visiondolewe, na amri ile iliwapa wengi pumzi nchini kote. Lakini amri ya kutoondolewa si sawa na hati ya ardhi mkononi.

Msinielewe vibaya. Mimi si adui wa hifadhi. Kasa hutaga mayai katika ufuko wa Madete kwa sababu pana wanaoulinda. Nasi huku, pasipo Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, yenye hekta 24,115, iliyotangazwa mwaka 2008, sijui Mlali ungekuwa na maji gani leo. Lakini nani kati yetu asiyejua jinsi linavyotazamwa jiwe la mpaka linapokuwa karibu na mgomba wa mtu? Mluguru anaweza kumwelewa mtu wa Uvinje bila mkalimani. Ndiyo maana inanishangaza kwamba tukifika kwao twageuka kuwa watalii kamili, hata lafudhi zetu hubadilika.

Hapo sina budi kuungama. Siku moja, mahali nisipopataja, kikundi chetu kilikuwa kimelipia chakula cha mchana katika hoteli ya ufukweni. Wanawake wanne wa kijijini walikuja wakitanda uduvi kwa vitambaa, wakiufuata ukingo wa maji kama walivyofundishwa na mama zao. Mlinzi akawafukuza, akisema kuna wageni. Wageni wenyewe ndio sisi. Tulikuwa watu arobaini, tuna rozari mifukoni, na hakuna aliyesimama. Mimi mwenyewe nilikuwa na sahani mkononi.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inataka wanakijiji wapewe taarifa, wasikilizwe, na fidia ikubaliwe kabla ardhi yao haijahamishiwa matumizi mengine. Ni sheria nzuri, lakini hazijui kusema zenyewe. Huko Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, akina mama walime mwani katika maji yale yale ambamo vijana wa Ulaya huteleza juu ya mbao wakivutwa na tiara kubwa. Bahari hailalamiki, anayelalamika ni yule ambaye kamba zake za mwani zimekatwa.

Kwa hiyo Tume imeafikiana na viongozi wa vijana juu ya safari ya mwaka huu. Barua itatangulia kwenye ofisi ya kijiji, ikiomba tukaribishwe na tupewe mzee wa kutusimulia. Walei wenzetu wanaofundisha sheria Chuo Kikuu Mzumbe wameombwa watupitishe katika hiyo Sheria ya mwaka 1999 jioni mbili kabla ya kuondoka, na jumuiya za kando ya Mlali zitatueleza hali ya kingo za mto, tupate la kujibu tukiulizwa habari za matope. Samaki tutawanunua kwa wavuvi, na wali utapikwa na akina mama wa pale pale. Fedha ya chakula cha mchana safari hii haitapelekwa hotelini.