Sisi wa 2.6

Tupo wengi, na mnatujua. Ndio tunaowafungulia akaunti benki, tunaokagua magari yenu yakigongwa ili bima ilipe, tunaoandika bajeti za miradi ya maji wilayani. Kazini tunaheshimika, na wengine tuna watu chini yetu wanaotuita bosi bila utani. Lakini kila likibandikwa tangazo la nafasi ya umeneja lenye ule mstari wa "mwenye shahada ya uzamili atapewa kipaumbele", tunarudi nyumbani, tunatoa bahasha ya vyeti chini ya kitanda, na tunaitazama tena transkripti ya enzi za ujana. Ukurasa wa mwisho una namba. Huyu 2.6, yule 2.8, mwenye bahati 3.3.

Kwa asiyeujua mfumo: vyuo vikuu vya Tanzania huhesabu GPA juu ya 5. Kuanzia 4.4 ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni upa sekondi, 2.7 hadi 3.4 ni lowa, na 2.0 hadi 2.6 ni pasi. Programu nyingi za MBA hapa nyumbani zinataka angalau 2.7. Mwenye pasi huambiwa akasome kwanza stashahada ya uzamili, mwaka mzima na ada yake, ndipo arudi kupiga hodi. Kwa hiyo kati ya 2.6 na 2.7 kuna mwaka wa maisha ya mtu na fedha ambazo zingemaliza kupaua nyumba. Na chuo walichosoma baadhi yetu hakikuzi desimali, kinaikata. Aliyepata 2.69 kaandikiwa 2.6. Tulipouliza dirishani tukajibiwa ndiyo kanuni, na yule dada akaendelea kunywa chai yake.

Hakuna anayeuliza namba hiyo ilipikwaje. Mwaka wa kwanza wengi wetu tulitoka mikoani, wa kwanza katika ukoo kufika chuo, tukaingia ukumbi wenye watu mia nne na kipaza sauti kimoja kinachokatakata. Hisabati za biashara, takwimu, uchumi, vyote kwa mpigo. Bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, likichelewa unaishi kwa mihogo na madesa ya kuazima, na desa la kuazima linarudishwa saa nne usiku, mwenzio naye alisome. Wapo waliokumbwa na migomo ya mikopo, kama ule wa mwishoni mwa 2008, wakarudishwa makwao kabla ya wakati na kurejea ratiba ikiwa imevurugika. Mwenzetu mmoja alijifungua wiki ya mitihani na kuingia kwenye chumba cha mtihani hata arobaini hajaifikia. Transkripti haina safu ya maelezo. Ina msimbo wa kozi, idadi ya uniti na herufi.

Halafu kuna sapu. Ukikamatwa na kozi, unarudia mtihani wakati wenzako wako likizo. Piga msuli utakavyopiga, fika hata 78, utaandikiwa C, kwa sababu sapu haizidi C, na C ni pointi 2. Mtu aliyekamatwa kozi tatu mwaka wa kwanza anazibeba mpaka siku ya joho. Tunao miongoni mwetu waliomaliza mwaka wa tatu kwa B+ na A tupu, wastani ukakataa kunyanyuka.

Hapo ndipo hasira yetu inapokaa. Tunaowaomba nafasi ni shule za biashara. Hao ndio wanaowafundisha watu kusoma taarifa za fedha, na jambo la kwanza katika somo hilo ni kuangalia mwelekeo: mwaka huu umelinganaje na mwaka jana, hasara ilitoka wapi, ilikoma lini. Sisi wa dawati la mikopo tunafanya hivyo kila siku. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akija kukopa, tunamwomba hesabu za miaka ya karibuni. Tukimwambia "mzee, tumechukua wastani wako tangu ufungue duka, ni mdogo, kwaheri", atapanda juu kwa meneja, na meneja atampa haki yake. Lakini profesa aliyetufundisha mbinu hiyo, akikaa kwenye kamati ya udahili, anasoma wastani wa 2011 kana kwamba umetoka jana, wala hana haja ya kujua tumefanya nini tangu hapo. Kati yetu yupo mwenye CPA, mtihani wa bodi unaowatoa watu jasho kweli kweli, na hesabu za kampuni anazisaini yeye. Akaambiwa aanze na stashahada.

Wenye upa wanatusikiliza wakati wa chakula cha mchana kisha wanasema, "Jamani, si mngesoma tu." Kuna ukweli hapo. Wapo kati yetu waliokesha kwenye baa za Sinza wakati wenzao wakikesha maktaba. Hao wanajijua, na mazungumzo haya yakianza huwa wanainamia sahani. Lakini hata huyo wa Sinza alikuwa na miaka ishirini na moja. Sasa ana arobaini kasoro, analea, anaongoza tawi, na adhabu haijaisha.

"Basi ombeni nje," anasema shangazi, ambaye kwake nje ni mahali pamoja tu. Nje wana maneno mazuri zaidi, hilo tunakiri. Harvard, waliokuwa wa kwanza kutoa MBA mwaka 1908, hawaweki GPA ya chini ya kuombea. Wanasema wanamtazama mtu mzima mzima. Halafu unasoma wasifu wa darasa walilolipokea, wastani wake unazunguka 3.7 juu ya 4, na ada ya maombi ni dola 250. Mlango uko wazi, na kuchungulia tu kunalipiwa.

Na hata ukilipa, nani atasoma karatasi yako ipasavyo? Hapa kwetu 62 ni B+, alama ya kupigia simu nyumbani. A inaanzia 70, na tulikuwa na wahadhiri ambao 80 hawajawahi kumpa mtu. Marekani 62 ni D. Zipo taasisi za kutathmini vyeti vya kigeni, kama WES, zinazoeleza yote hayo kwa lugha yao, nazo zinataka dola. Kila anayeahidi kutueleza vizuri kwa wakubwa anataka dola.

Tunaambiwa GPA ndogo hufunikwa na alama kubwa ya GMAT, mtihani wa kuombea shule za biashara. Ushauri wenyewe si mbaya, na wapo uliowatoa. Mtihani siku hizi umefupishwa, saa 2 na dakika 15, alama kutoka 205 hadi 805, na kuufanyia kituoni ni dola 275, yaani zaidi ya laki sita na nusu. GRE ni nafuu kidogo. Sehemu ya hesabu hairuhusu kikokotoo, na anayetakiwa kuijibu ni mtu aliyefunga hesabu za tawi saa mbili usiku na kukaa kwenye foleni ya Mbagala mpaka saa nne. Tuliyasahau hayo mambo ya vipeo tangu lini! Basi, tuyaache.

Balaa kubwa kuliko GMAT ni wadhamini. Fomu inataka barua ya mhadhiri anayekufahamu. Unampata kwa simu.

"Shikamoo Dokta. Mimi ni mwanafunzi wako wa 2011."

"Marahaba, marahaba. Wa kozi gani?"

Unataja. Kimya. Maskini, mia nne kila mwaka, atakukumbukaje? Waliokaa mbele ndio wanaokumbukwa, na waliokaa mbele hawana shida ya barua. Akikubali, kwa huruma, mfumo wa maombi unakataa anwani yake ya gmail. Unataka barua pepe ya taasisi, na Dokta ya taasisi hajaifungua tangu nywila ipotee. Unarudi kwa bosi wako kazini. Naye, mtu mwema, anajibu, "Andika mwenyewe, mdogo wangu, niletee nisaini." Ukurasa wa pili wa fomu unasema kwa wino mzito kwamba mwombaji haruhusiwi kuandika barua hiyo. Ukimbana sana bosi aandike mwenyewe, anakumbuka kwamba unataka kuondoka, na jina lako linatoka kwenye orodha ya semina ya Arusha.

Baada ya barua inakuja nafasi ya maelezo ya ziada, pale unapokaribishwa ueleze alama zako. Tumelelewa kwamba ya nyumbani hayaanikwi kwa wageni, na sasa mgeni wa kamati anataka kujua baba aliugua lini na bumu lilichelewa wiki ngapi. Ukieleza, inasomeka kama kisingizio. Ukinyamaza, hujali. Washauri wa maombi wanaolipwa kwa saa wanatuambia tuonyeshe "tulichojifunza kutokana na kuanguka". Sawa. Wengine tulichojifunza ni kwamba mtu mwenye njaa hasomi vizuri, na hilo halijazi maneno mia tano.

Watu pia hutuletea habari za Warren Buffett. Kweli, Harvard walimkataa mwaka 1950, akaenda Columbia, akatajirika kuliko waliomkataa. Lakini Buffett alinunua hisa zake za kwanza akiwa na miaka 11. Hakukataliwa kwa sababu ya sapu ya takwimu. Tafadhali msituletee tena.

Hapo katikati, kati ya kanuni za nyumbani na dola za nje, ndipo wanapotuvizia wajanja. Matangazo yanatufikia kwenye simu kana kwamba wanaijua namba yetu: MBA kamili kwa miezi minne, hakuna mtihani wa kuingia, GPA si tatizo. Chuo kina jina la Kiingereza lililojaa utukufu, picha ya jengo lenye nguzo, na namba ya kulipia kwa awamu. Mwenzetu alilipa. Alipata cheti chenye muhuri wa dhahabu, akakiwekea fremu. Idara ya rasilimali watu ikamwomba barua ya utambuzi kutoka Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ambayo ndiyo huzitambua shahada za nje. Barua haikutoka, na fremu imehamia nyuma ya kabati. Ingemchukua nusu saa kuuliza kabla ya kulipa, au kutazama kama shule ina ithibati ya AMBA, EQUIS au AACSB. Tunamlaumu, ndiyo, lakini tunamwelewa. Ukishazoea kukataliwa, anayekwambia "karibu" hata kitambulisho humwombi.

Njia za halali zipo, tusiwe waongo. Zipo MBA za watendaji zinazopima sana uzoefu wa kazi, na waombaji wa Dar hutazama hata Strathmore pale Nairobi au ESAMI pale Arusha. Shule ya biashara ya Heriot-Watt kule Edinburgh ilijulikana kwa mtindo wake wa kumwacha mtu aanze masomo ya MBA hata bila shahada, akifaulu ya mwanzo anahesabiwa kaingia. Wenye moyo wamepita huko. Kinachowabana wengine ni hesabu ya mwezi. Bodi ya Mikopo inatukata asilimia 15 ya mshahara kwa ajili ya shahada iliyotupa 2.6. Kinachobaki ndicho kilipe kodi ya nyumba, ada za watoto, mchango wa harusi ya binamu, na hiyo shahada ya pili ya kutufutia aibu ya ile ya kwanza.

Hatuombi kubebwa. Juzi tulikaa baada ya kazi tukakubaliana tunachotaka, jambo ambalo kwa watu wa idara tofauti si dogo. Chuo kitupe masomo mawili ya jioni, uhasibu na takwimu, yale yale yaliyotuangusha. Tulipe wenyewe, tufanye mtihani ule ule wanaofanya wenye upa. Anayepata B aingie darasani na wenzake, anayeshindwa atolewe bila kurudishiwa hata senti, wala hatutakwenda kwa waziri kulalamika.

Mhadhiri mmoja, kijana, aliyewahi kusoma na mmoja wetu, alilipenda sana wazo hilo. Akatushauri tuliandike vizuri kama pendekezo, ukurasa mmoja na nusu, atalifikisha kwa mkuu wa idara. Tumeliandika, yule wa CPA kalipitia, dada wa bima kalichapa. Tulipompelekea akalisoma lote mlangoni pale pale, akatikisa kichwa kwa furaha, akasema limekamilika kabisa. Imebaki tu tuambatanishe nakala za transkripti zetu, kamati isije ikasema haijui inashughulika na watu gani.